Land Rover au Land Cruiser: Gari la zamani milimani ni mali au chuma chakavu?

MATAJIRI wa dunia wana ubishi wao usiokwisha. Kati ya Ferrari na Lamborghini, magari mawili ya Kiitaliano, lipi lina mbio zaidi, na lipi ukiliweka linapanda thamani zaidi? Ubishi huo una fedha nyingi ndani yake. Agosti 2018, katika mnada uliofanyika California, Marekani, gari moja aina ya Ferrari 250 GTO la mwaka 1962 lilinunuliwa kwa dola za Marekani milioni 48.4.

Mkulima wa kabichi wa Mtae au mchuuzi wa karoti wa Lukozi akisikia habari hiyo atacheka na kuendelea na shughuli zake. Naomba asicheke haraka.

Kwanza, Ferruccio Lamborghini mwenyewe alikuwa mtoto wa wakulima. Mwaka 1948 alianzisha kiwanda cha matrekta, na magari ya mbio alikuja kuyaanza baadaye, mwaka 1963. Matrekta yenye jina lake yanauzwa mpaka leo. Pili, na hili ndilo linalotuhusu, milima yetu ya Usambara nayo ina ubishi wake wa aina hiyo hiyo, na fedha zilizomo ndani yake zinaweza kumfikia mtu wa kawaida kabisa.

Ubishi wetu ni wa Land Rover na Land Cruiser. Hapa sizungumzii magari mapya ya wakubwa yenye vioo vyeusi. Nazungumzia zile za zamani: Land Rover 109, na ndugu yake 110 aliyemfuata, pamoja na Land Cruiser za kizazi cha 40, zile za taa za mviringo zilizotoka kabla ya hizi tunazoziita mkonga. Kaa kijiweni Soni au Mlalo nusu saa tu, utawasikia madereva na mafundi wakigawanyika pande mbili kama washabiki wa Simba na Yanga.

Lakini ubishi huo umebaki kuwa wa kijiweni, wakati magari yenyewe yanaondoka. Mengine yameegeshwa nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani. Mengine yamekatwakatwa na kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mengine yanachukuliwa na madalali kwa bei ya kutupa, na yakifika mjini yanageuka kuwa lulu. Kwa hiyo ni vyema tuulizane kwa mahesabu: kati ya magari haya mawili, lipi linafaa kazi ya mlimani, lipi linafaa kuwekwa kama mali, na mwenye nalo afanye nini?

Moja la shambani, jingine la mlimani

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, Uholanzi, Aprili 1948. Kampuni ya Rover ya Uingereza ililikusudia liwe gari la mkulima. Liliweza kutembea porini, kuvuta tela, na injini yake iliweza kufungwa mkanda wa kuendesha mashine za shambani. Kwa kuwa baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza, bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo maana hadi leo unaikuta Land Rover ya zamani imebonyea kila mahali lakini bodi haijaliwa na kutu.

Toleo linalojulikana zaidi huku kwetu ni Series III, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, hasa lile refu la 109. Mwaka 1983 ikaja 110, yenye springi za koili badala ya zile za vyuma bapa, na kuanzia mwaka 1990 familia hiyo ikaitwa Defender. Gari la mwisho la ukoo huo lilitoka kiwandani Solihull Januari 29, 2016.

Land Cruiser nayo ina hadithi yake. Mwaka 1951 Toyota walitengeneza gari walilolipa jina la BJ, na mwezi Julai mwaka huo dereva wao wa majaribio akalipandisha Mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Jina la Land Cruiser lilikuja mwaka 1954. Kizazi cha 40 kilianza mwaka 1960 na kikaendelea hadi mwaka 1984, kikafuatiwa na kizazi cha 70 ambacho bado kinatengenezwa.

Unaweza kusema basi kwamba Land Rover ilizaliwa shambani, na Land Cruiser ilithibitishwa mlimani. Usambara ni shamba na mlima kwa pamoja. Ndiyo maana ubishi umekuwa mkali.

Nani anapanda, nani anashuka?

Tuanze na kazi. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa zipatazo 33, na katika umbali huo mfupi gari linapanda karibu mita 1,000. Barabara hiyo ni ya lami. Ukitoka hapo kwenda Mlalo, Mtae, Bumbuli au Mgwashi ndipo utakapojua gari ni nini, hasa masika, udongo mwekundu unapoteleza kama sabuni.

Kwa nguvu za kupanda, Land Cruiser inashinda, tena kwa mbali. Land Rover 109 yenye injini ya dizeli ya lita 2.25 ina nguvu za farasi zipatazo 62 tu. Land Cruiser ya wakati huo huo yenye injini ya petroli ya lita 4.2 ina nguvu za farasi zinazokaribia 130. Ile ya dizeli ya lita 3.6 ina takriban 90, na ina silinda sita. Ukipakia kabichi hadi juu na kuanza kupanda kutoka mtoni, tofauti hiyo huhitaji kuelezwa. Dereva wa Land Rover atapanda, lakini atapanda kwa gia ya kwanza akiomba Mungu.

Land Cruiser ina sifa nyingine. Injini zake za kizazi cha 40 zinaendeshwa kwa meno ndani, hazina mkanda wa taimingi wa kukatika njiani. Wenye mkonga yenye injini ya 1HZ wakumbuke kwamba yao ina mkanda, na unatakiwa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Aidha, shafti za magurudumu na difu za Land Cruiser ni nene. Land Rover nyingi za zamani zina ugonjwa wa kukata shafti za nyuma zikizidishiwa mzigo, ingawa 109 za Series III ziliboreshwa kwa kuwekewa ekseli ya nyuma iliyo imara zaidi.

Hata hivyo, mkulima wa milimani anajua kwamba kupanda ni nusu ya safari. Mazao yanauzwa chini, siyo juu. Kabichi zinashuka kwenda Mombo, Korogwe, Tanga na Dar es Salaam. Gari likishindwa kupanda linasimama. Gari likishindwa kushuka linaua.

Katika kushuka, magari yote mawili yana fimbo ya pili ya gia, ile ya nguvu, ambayo dereva mzuri huiingiza kabla ya mteremko ili injini ishikilie gari na breki zipumzike. Land Rover ya dizeli, pamoja na unyonge wake wa kupanda, inashikilia vizuri sana kwa gia hiyo. Breki zake lakini ni za dramu magurudumu yote manne, na zikipata moto zinalegea. Land Cruiser za miaka ya mwisho ya kizazi cha 40 nyingi zilikuja na diski mbele. Hapo tena Land Cruiser ina pointi.

Naomba nieleweke: hakuna breki ya gari lolote iliyotengenezwa kwa ajili ya lumbesa. Magari haya yalikusudiwa kubeba mzigo usiozidi tani moja au pungufu yake. Huku kwetu yanabebeshwa mara mbili, na abiria wanakaa juu ya mzigo. Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipiga vita lumbesa kwa sababu inamwibia mkulima. Mlimani ina kosa la pili: inavunja springi, inachosha breki na inahatarisha roho za watu. Usililaumu gari kwa kosa la mpakiaji.

Fundi yuko wapi?

Kama shindano lingeishia kwenye nguvu, makala haya yangekuwa mafupi. Lakini gari la mkulima lina swali jingine, nalo ni hili: likiharibika Rangwi saa kumi jioni, nani atalitengeneza na kwa shilingi ngapi?

Hapo Land Rover inajibu vizuri. Ni gari la bolti na nati. Bodi inafunguka kipande kwa kipande. Mlango unatoka, bawa linatoka, paa linatoka. Aluminiamu iliyobonyea fundi anainyoosha kwa nyundo na gogo. Injini ya lita 2.25 ni nyepesi kueleweka, na kijana aliyejifunza chini ya mwembe kwa miaka miwili anaweza kuishusha na kuipandisha. Spea zake, mpya na zilizotumika, zimejaa nchini kwa kuwa gari hili lilitumiwa na serikali, majeshi, misheni na mashamba makubwa kwa miongo mingi.

Land Cruiser ya kizazi cha 40 haiharibiki mara kwa mara, lakini ikiharibika inataka fedha. Kifaa kimoja cha pampu ya dizeli au gia boksi kinaweza kugharimu faida ya msimu mzima. Bodi yake ni ya chuma, na chuma kinakula kutu, hasa sakafu na maungio ya milango. Ya petroli ni mlevi: ukiwa na mzigo mlimani usitegemee zaidi ya kilometa nne au tano kwa lita moja. Kwa bei za petroli tunazozijua, hilo peke yake linatosha kumtoa mchuuzi mdogo kwenye biashara.

Land Rover nayo ina ugonjwa wake uliojificha. Watu husifu bodi isiyo na kutu wakasahau kwamba chasi iliyo chini yake ni ya chuma, tena yenye uwazi ndani, na huoza kuanzia ndani kwenda nje. Anayenunua achukue nyundo ndogo, alale chini ya gari, agonge chasi kuanzia nyuma mpaka mbele. Sauti ikiwa ya kopo, arudishe fedha mfukoni.

Kwa muhtasari wa upande wa kazi: Land Cruiser ya dizeli ndiyo bora kwa anayesafirisha mzigo kila siku na mwenye akiba ya matengenezo. Land Rover ndiyo bora kwa anayesafirisha mara moja moja, anayeishi karibu na fundi na mbali na benki.

Na thamani ya kuwekwa?

Sasa tuje kwenye jambo linalozungumzwa kwa kunong'ona. Ni kweli kwamba kuna watu duniani wanaonunua magari haya kwa fedha nyingi ili wayatunze. Desemba 2015, Defender iliyotengenezwa kuadhimisha gari la milioni mbili la ukoo huo iliuzwa mnadani Uingereza kwa pauni 400,000. Huko Marekani, Land Cruiser za kizazi cha 40 zilizokarabatiwa kikamilifu zimewahi kuuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Sheria ya huko inaruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya, ndiyo maana wanunuzi wanatafuta ya zamani na si mapya.

Toyota wenyewe wameliona soko hilo. Mwaka 2021 walitangaza kwamba watatengeneza upya baadhi ya spea za kizazi cha 40. Kiwanda hakiwezi kurudi kutengeneza spea za gari lililoacha kuzalishwa mwaka 1984 kama hakuna wateja.

Hapa nyumbani nako mambo yanabadilika. Oktoba 2024 Jiji la Arusha lilikuwa na tamasha la Land Rover, na mamia ya magari hayo, ya zamani na mapya, yaliandamana barabarani. Wengine walikuja na magari ambayo miaka kumi kabla yake yangeuzwa kwa kilo. Siku ile wengi waligundua kwamba mkweche wa babu una wapenzi.

Lakini hapa ndipo watu wengi wanapotea njia. Wanasikia dola 100,000, wanatazama gari lililo nyuma ya nyumba, wanaona nyumba ya ghorofa. Tuwe wakweli. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu. Land Rover za ukoo ule zilitengenezwa zaidi ya milioni mbili. Land Cruiser za vizazi vyote, Toyota walisema mwaka 2019 kwamba wameshauza zaidi ya milioni kumi. Kitu ambacho kipo kwa mamilioni hakina thamani kwa sababu tu ni cha zamani.

Kilicho adimu ni gari zima. Gari lenye injini yake ya kuzaliwa, gia boksi yake, bodi ambayo haikukatwa, namba ya chasi inayosomeka na kadi inayolingana nayo. Katika mamilioni hayo, yaliyobaki hivyo ni machache, na kila mwaka yanapungua. Thamani imo kwenye ukamilifu wa gari, na umri unakuja baadaye.

Kwa hiyo bei ya dola 100,000 ni ya gari lililofunguliwa hadi nati ya mwisho na mafundi wanaolipwa kwa saa, likapakwa rangi upya na kuwekewa viti vya ngozi. Sehemu kubwa ya bei hiyo ni jasho la mafundi hao. Toa gharama hiyo, toa nauli ya meli, toa ushuru, toa faida ya dalali wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kumbuka pia kwamba magari yetu yana usukani kulia, na Mmarekani anapendelea kushoto. Kinachobaki kwa mwenye gari wa Lushoto ni fedha nzuri, lakini siyo ghorofa.

Tukilinganisha magari mawili kwa upande huu, Land Cruiser ya kizazi cha 40 iliyo nzima hupendwa sana na wanunuzi wa nje, na ni vigumu zaidi kuipata kwa sababu kutu imekula nyingi. Land Rover ina soko pana zaidi hapa nchini na kwa jirani zetu, ina vikundi vya wapenzi, na inarekebishika kwa gharama ndogo kwa kuwa bodi haiozi. Kwa mtu wa kipato cha kawaida anayetaka kuhifadhi gari, Land Rover inamsamehe makosa mengi zaidi.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa kufikirika, kila mtu abadilishe tarakimu kulingana na soko la kwake. Una gari uliyolinunua kwa sh milioni 15 kwa nia ya kuliweka lipande bei. Kila mwaka linataka betri, oili, mipira ya breki, banda na mtu wa kuliwasha. Tuseme sh 800,000. Baada ya miaka kumi umetumia milioni nane zaidi. Yaani usipoliuza kwa zaidi ya milioni 23 umepata hasara, na hapo hatujahesabu kwamba shilingi ya leo siyo shilingi ya miaka kumi ijayo.

Gari hilo hilo likifanya kazi safari mbili kwa wiki, kwa wiki 40 za mwaka, ni safari 80. Ikibaki sh 70,000 kila safari baada ya mafuta, dereva na wapakiaji, ni sh milioni 5.6. Weka kando milioni 2.6 za matairi na matengenezo. Zinabaki milioni tatu. Katika miaka mitano umerudisha fedha yako, na gari bado unalo.

Sasa chukua mtu wa tatu, anayeuza gari lililokufa kwa chuma chakavu. Gari la tani moja na nusu, hata akilipwa sh 1,000 kwa kilo, ni sh milioni 1.5. Fedha hiyo inakwenda na ada ya shule ya muhula mmoja. Wakati huo huo gia boksi, ekseli, milango, vioo na rimu za gari hilo, vikiuzwa kimoja kimoja kwa wenye magari yanayotembea, vingeweza kuleta zaidi ya hapo. Chuma chakavu ni bei ya mwisho kabisa, ya kitu ambacho hakina kazi nyingine.

Hesabu hizo tatu zinatuambia jambo moja. Kwa mkulima na mchuuzi, gari la zamani linalipa kwanza kwa kazi, pili kwa spea, na mwisho kabisa kwa kuwekwa. Anayebadilisha mpangilio huo awe tayari amekwisha kushiba.

Ushauri wangu

Kama huna gari na unataka la kubebea mazao, usinunue Land Rover au Land Cruiser ya zamani kwa sababu umesikia zinapanda bei. Nunua kwa sababu barabara ya kijijini kwako inakataa kirikuu na Fuso haiingii. Kama barabara yako inapitika mwaka mzima, gari dogo litakufaa zaidi na litakunywea mafuta kidogo. Na kama mazao yako ni ya safari kumi kwa mwaka, kodi gari la mwenzako.

Kama unalo na linatembea, lifanyie kazi lakini usiliue. Kuna mtindo wa kung'oa injini ya Land Rover na kuweka ya Toyota au Nissan. Kikazi ni uamuzi unaoeleweka. Gari linapata nguvu na spea ni rahisi. Ila injini ya zamani usiiuze kwa kilo. Ipake grisi, ifunge turubai, iweke juu ya mbao ndani ya banda. Siku ukitaka kuuza gari kwa mtu anayelitaka lilivyozaliwa, injini hiyo ndiyo itakayopandisha bei. Na ukibadilisha injini, hakikisha namba mpya imeandikwa kwenye kadi kwa utaratibu wa TRA, vinginevyo umejitengenezea kesi.

Kama unalo na limekufa, hatua ya kwanza ni kadi. Magari mengi ya milimani yalinunuliwa kwenye minada ya serikali, ya misheni, ya miradi na ya vyama vya ushirika, na kadi hazikuwahi kubadilishwa jina. Mzee amefariki, watoto wanagombea gari, na kadi ina jina la idara ambayo haipo tena. Gari la namna hiyo, hata lingekuwa zima kama yai, dalali atalipa bei ya chuma kwa sababu anajua huna pa kwenda. Futa tope kwenye chasi, upande wa kulia mbele, soma namba, linganisha na kadi, kisha anza safari ya kubadilisha jina wakati wanaojua historia ya gari bado wako hai.

Usimpe dalali kadi kabla fedha haijaingia benki. Usikubali akufungulie vipande "vya mfano". Piga picha za gari, za injini na za namba, na uulize bei kwa watu watatu wa sehemu tofauti kabla ya kusema ndiyo. Anayeuza kabichi anajua kuuliza bei ya Ilala na ya Tanga kabla ya kupakia. Kwa nini auze gari kwa mtu wa kwanza aliyegonga hodi?

Kuna na nafasi ya nne ambayo wachache wameiona. Wageni wanaokuja Irente, Mambo na Mtae kutazama tambarare kutoka juu wanapenda kupanda gari lenye historia. Land Rover 109 iliyo safi, yenye breki nzima, bima na leseni zinazotakiwa, inaweza kubeba wageni msimu wa kiangazi na kabichi msimu mwingine. Hapo ndipo kazi na thamani vinapokutana kwenye gari moja, na gari halilazimiki kuondoka mlimani ili lilete fedha.

Taasisi nazo zina wajibu. Halmashauri, makanisa na vyama vya ushirika vinavyoweka magari mabovu uani yanyeshewe miaka kumi, ndipo viitishe mnada wa vyuma, vinapoteza mali ya wananchi na ya waumini. Gari lililosimama liuzwe mapema, likiwa na kadi yake na funguo zake, kwa mnada wa wazi ambao hata mkulima wa Sunga anaweza kusikia tangazo lake. Vyuo vya ufundi navyo vichukue baadhi ya magari hayo kama darasa. Fundi anayeweza kurudisha Land Rover ya mwaka 1975 katika hali yake ana ujuzi unaouzwa Arusha, Nairobi na hata Ulaya, na ujuzi huo haupakiwi kwenye meli ukaondoka na gari.

Narudi kwenye ubishi wa kijiweni, kwa kuwa nimeahidi jibu. Kwa mzigo wa kila siku, nachagua Land Cruiser ya dizeli. Kwa mfuko mdogo na kwa kuhifadhi, nachagua Land Rover. Wa upande wowote atakayekasirika namkaribisha tubishane, mradi kwanza aende nyumbani akatazame kadi ya gari lake ina jina la nani.